Uulizwe, Upimwe, Ndipo Upewe Dawa

Mwaka 1973 Watanzania wengi walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio. Ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya. Walijifunza kuchimba vyoo, kutumia maji safi na kujikinga na malaria. Kinga ni bora kuliko tiba. Neno hilo ni la kweli hata leo. Lakini siku ugonjwa unapoingia nyumbani, tiba inatakiwa. Je, utajuaje kwamba tiba unayopewa ni nzuri?

Wako wanaosema tiba nzuri ni sindano. Wengine husema ni dripu. Wengine huhesabu vidonge, au hutazama fedha walizolipa. Hayo siyo vipimo vya tiba nzuri. Tiba nzuri huanza kabla ya dawa. Huanza kwa maswali, kisha vipimo. Dawa huja mwisho.

Katika ukurasa huu tukisema mganga, tuna maana ya daktari, tabibu au muuguzi anayetibu katika zahanati, kituo cha afya au hospitali.

HOMA SI LAZIMA IWE MALARIA

Tuseme uko Nyahanga. Usiku mtoto wako amechemka mwili. Asubuhi unaziona njia mbili. Njia ya kwanza ni kwenda dukani, kununua dawa ya malaria na kumpa mtoto. Njia ya pili ni kumpeleka akapimwe. Ya kwanza inaonekana fupi na rahisi. Je, ni rahisi kweli?

Huku Shinyanga na Geita malaria bado inasumbua sana. Ndiyo maana mtu akipata homa husema mara moja, "Nina malaria." Lakini homa ni kama moshi. Moshi hukuambia kwamba kuna moto. Haukuambii kinachoungua ni nini. Homa huletwa na malaria. Huletwa pia na ugonjwa wa mapafu, taifodi, ugonjwa wa njia ya mkojo, ugonjwa wa masikio na mengine mengi.

Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Watafiti waliwafuatilia watu 4,474 waliolazwa wakiwa wagonjwa sana. Wote walikuwa wakitibiwa malaria. Damu yao ikapimwa kwa uangalifu kwa darubini. Waliokutwa na wadudu wa malaria walikuwa 2,062. Hao hawafiki nusu. Wengine 2,412 hawakuwa na wadudu hao.

Sasa tazama vifo. Kati ya kila wagonjwa 100 waliokuwa na wadudu wa malaria, walikufa karibu 7. Kati ya kila wagonjwa 100 wasiokuwa na wadudu, walikufa karibu 12. Maana yake ni nini? Wengi wa wagonjwa hawa wa pili walikuwa na ugonjwa mwingine mkali. Mganga akiridhika kwamba ni malaria, ugonjwa huo mwingine unaweza kuendelea kuua kimyakimya.

Dawa isiyotakiwa hukutia hasara mara mbili. Kwanza, umeuza debe la mpunga kununua dawa isiyokusaidia. Pili, ugonjwa wenyewe umepata siku za kukua. Baadaye utauza gunia zima.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Siku hizi kuna kipimo cha haraka. Mganga huchukua tone la damu kidoleni, na jibu hupatikana kabla ya nusu saa. Kipimo hiki hufanyika hata katika zahanati isiyo na darubini wala umeme.

MASWALI NAYO NI KIPIMO

Tuseme kijana anafanya kazi katika machimbo ya dhahabu. Amekohoa wiki tatu. Anaingia kwa mganga, anasema, "Nakohoa." Mganga anaandika dawa ya kikohozi. Kijana anaondoka.

Mganga huyo hakuuliza, "Umekohoa tangu lini? Unatoka jasho usiku? Umepungua mwili? Unafanya kazi gani?" Angeuliza, angejua kwamba kijana huvuta vumbi la mawe kila siku. Vumbi hilo huharibu mapafu, na mtu anayelivuta hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinatakiwa kupimwa makohozi. Maswali manne tu yangebadilisha safari ya kijana huyu. Maswali hayalipiwi.

MGANGA ANAJUA, LAKINI ANATENDA?

Pengine utasema, "Mganga huyo hakusoma vizuri." Sivyo wakati wote. Watafiti wawili, Kenneth Leonard wa Marekani na Melkiory Masatu wa Arusha, walilichunguza jambo hili mkoani Arusha. Walichapisha matokeo mwaka 2006.

Walifanya hivi. Waliwauliza wagonjwa waliokwisha kutibiwa: Je, mganga amekuuliza nini? Amekupima wapi? Kisha watafiti wakaingia chumbani, wakakaa na kumtazama mganga akifanya kazi. Mara moja kazi ikawa bora. Mganga aliuliza zaidi na kupima zaidi. Lakini baada ya wagonjwa kama 10 hadi 15, alizoea kutazamwa. Kazi ikarudi ilivyokuwa mwanzo.

Tunajifunza nini? Mganga alikuwa na ujuzi tangu asubuhi. Vifaa vilikuwa vilevile, na mshahara ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kwamba alijua anatazamwa. Kujua ni jambo moja, na kutenda ni jambo lingine.

Tusiwahukumu waganga wote kwa hili. Wako wanaofanya kazi njema kila siku bila kutazamwa na mtu. Pia foleni ni ndefu, na watumishi ni wachache. Lakini ukweli tuujue, ili tusaidiane.

TIBA KAMILI SI LAZIMA IWE GHALI

Mtu atauliza, "Kuuliza na kupima kila mtoto hakutaongeza gharama?" Jibu lilipatikana katika wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji. Huko waganga walifundishwa utaratibu mpya wa kutibu watoto wa chini ya miaka mitano. Walifundishwa kumtazama mtoto mzima. Kama ameletwa kwa homa, aulizwe pia juu ya kikohozi na kuharisha. Atazamwe anavyopumua. Atazamwe kama ana upungufu wa damu na kama amekonda. Mama aelezwe namna ya kumpa dawa na chakula.

Watafiti walilinganisha wilaya hizo na wilaya za jirani ambazo hazikuwa na utaratibu huo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Watoto wa Morogoro Vijijini na Rufiji walichunguzwa vizuri zaidi na kutibiwa kwa usahihi zaidi. Katika miaka miwili, vifo vya watoto huko vilikuwa chini kwa asilimia 13 kuliko katika wilaya za jirani. Na gharama? Zilikuwa sawasawa au pungufu.

MGANGA NAYE ASAIDIWE

Huku kwetu pia lipo fundisho. Kati ya mwaka 1991 na 1994 ulifanyika utafiti mkubwa katika mkoa wa Mwanza. Wakati huo Geita ilikuwa wilaya ya mkoa huo. Watafiti walichagua sehemu 12. Katika sehemu 6 waliboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya na zahanati. Waganga walifundishwa. Dawa zilifika bila kukatika. Wasimamizi waliwatembelea mara kwa mara. Wananchi walielimishwa.

Katika sehemu hizo 6, maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalikuwa chini kwa karibu asilimia 40 kuliko katika sehemu nyingine. Gharama ya mwaka ilikuwa senti 39 za dola ya Marekani kwa kila mtu aliyehudumiwa. Utafiti uliofanyika baadaye huko Rakai, Uganda, kwa njia tofauti, haukuonyesha upungufu huo wa UKIMWI. Lakini somo moja limebaki. Zahanati ya kijijini inaweza kutoa tiba nzuri, ikiwa mganga anafundishwa, anapelekewa dawa na anatembelewa.

KAZI YAKO WEWE

Watafiti wamekwisha kuondoka. Lakini wewe upo kila siku. Wewe ndiwe mtazamaji wa kwanza wa kazi ya mganga. Fanya haya kwa adabu, bila ugomvi:

1. Eleza ugonjwa wote. Sema ulianza lini, na dalili zake ni zipi. Sema kazi unayofanya. Taja dawa ulizokwisha kumeza, hata kama ni za miti shamba. Usifiche.

2. Kama hukupimwa, uliza: "Daktari, naomba nipimwe kabla ya kupewa dawa."

3. Uliza matatu kabla ya kutoka: "Nimepatikana na ugonjwa gani? Dawa hii ni ya nini, nami nitaimezaje? Nikiona dalili gani nirudi haraka?"

4. Kama kipimo kinaonyesha huna malaria, usilazimishe dawa ya malaria. Uliza homa imeletwa na nini.

5. Usidai sindano wala dripu. Kama vidonge vinatosha, vinatosha. Ukipewa dozi, imalize.

6. Tunza daftari lako la matibabu. Mganga wa kesho atasoma alichoandika wa leo.

7. Ukilipa fedha, omba risiti. Kama dawa hukosekana mara kwa mara, au wagonjwa hawapimwi, peleka habari kwenye kamati ya afya ya zahanati au kwenye mkutano wa kijiji. Na mganga anayefanya vizuri, msifuni mkutanoni. Naye ajue kwamba anaonekana.

DALILI ZA HATARI

Mtoto akiwa na dalili mojawapo kati ya hizi, usisubiri. Usipite dukani. Mpeleke haraka kituo cha afya au hospitali, mchana au usiku:

– hawezi kunywa wala kunyonya;
– anatapika kila kitu;
– ana degedege;
– amelegea sana au hana fahamu;
– anapumua kwa shida, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mara ya mwisho ulipokwenda kutibiwa, uliulizwa maswali mangapi? Ulipimwa nini?
2. Kwa nini homa inafananishwa na moshi?
3. Wachimbaji wa dhahabu wamwambie nini mganga wanapokohoa?
4. Wajumbe wa kamati ya afya ya zahanati yenu ni nani? Walikutana lini mara ya mwisho?

Ndugu msomaji, ukienda kutibiwa, kumbuka mambo haya matatu kwa mpangilio wake: uulizwe, upimwe, ndipo upewe dawa. Msomee na jirani yako asiyejua kusoma.