Bunju Wetu na Joto la Julai

Kwetu Tanga bunju si samaki wa kuchezewa. Akinaswa wavuni, mvuvi humtupa, maana sumu yake huua. Kwa hiyo nilipomwambia mama kwa simu kwamba mjukuu wake anafuga bunju watatu chumbani, hapa Leicester, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na nyinyi mnalala?"

Nikamweleza kuwa hawa ni wadogo, hata sentimita nne hawafiki, na ni wa maji baridi. Asili yao ni mito ya Kerala, kusini-magharibi mwa India. Wana meno kama mdomo wa kasuku, wanavunjia konokono. Ukikaribia tangi, wanakuja kwenye kioo kukutazama.

Jumapili, tarehe 17 Julai 2022, mwanangu alikuja jikoni. Alikuwa na miaka kumi. "Mama, bunju hawali. Na yule mkubwa anawafukuza wenzake."

Nilikuwa najipepea kwa kifuniko cha bakuli. "Hata mimi sili kwa joto hili," nikamjibu. "Waache."

Asubuhi yake yule mdogo kuliko wote alikuwa amekufa, amelala ubavu mchangani. Wawili waliobaki walikuwa juu kabisa, pale maji ya filta yanapomwagika, matamvua yakienda mbio. Rangi yao ya kijani ilikuwa imefifia. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 32, na bunju hawa hustawi kati ya 24 na 28.

Mwanangu hakulia. Alisema tu, "Nilikwambia."

Siku hiyo ndipo nilipoketi kusoma. Maji yakipata joto hushika hewa kidogo. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni. Yakifika nyuzi 30 hubaki kama saba na nusu. Wakati huohuo mwili wa samaki hufuata joto la maji, kwa hiyo hufanya kazi kwa kasi zaidi na kutaka oksijeni zaidi. Mahitaji yanapanda, akiba inashuka. Na amonia itokayo kwenye uchafu wao huzidi ukali katika maji ya moto. Basi kususia chakula, ugomvi na kupanda juu havikuwa ukaidi. Samaki walikuwa wanatuambia kwa njia waliyokuwa nayo.

Tulizima hita na taa. Tulifunua tangi na kuweka feni ipulize juu ya maji, kwa sababu maji yakigeuka mvuke huondoka na joto. Tulipunguza maji kidogo ili yale ya filta yaanguke kwa kishindo na kuchanganyika na hewa. Filta yenyewe hatukuizima hata dakika moja. Mapazia tuliyafunga mchana kutwa; nyumba za huku zimejengwa kuzuia joto lisitoke, na Julai ile tuliliona hilo.

Mwanangu alitaka kumimina barafu ndani. Nikamzuia. Maji yakipoa ghafla, samaki hupata mshtuko mwingine. Tulipoongeza maji, yalikuwa yametiwa dawa ya kuondoa klorini, na tuliyaongeza kidogo kidogo. Wala hatukuwatoa kwa wavu kuwahamisha. Bunju akishtuka nje ya maji huweza kujijaza hewa, na kuitoa humpa shida. Chakula kilichobaki tulikiondoa kisioze.

Jumanne, tarehe 19, kituo cha Coningsby, Lincolnshire, kilipima nyuzi 40.3, mara ya kwanza Uingereza kuvuka 40. Sisi tulikuwa tunapokezana kutazama kipimajoto cha tangi: 31, 30, usiku 29. Alhamisi yule mkubwa alimvunja konokono, tukausikia mlio wake mdogo. Mwanangu akanitazama, akacheka.

Nilimpigia mama. "Wamebaki wawili," nikamwambia.

"Poleni," akasema yule yule aliyewacheka. "Na mtoto je?"

Sikuwa na jibu zuri, ila siku hizi ninalo. Feni ya tangi tunaitoa stoo kabla kiangazi hakijaanza, na kipimajoto husomwa asubuhi na jioni. Na mwanangu akiniambia, "Mama, njoo uone," naacha sufuria, naenda kuona.