Imba kwa Midomo Tu

Mwaka 1999, wiki moja kabla ya mashindano ya muziki, nilimwambia msichana wa darasa la tano aimbe kwa midomo tu. Sauti yake ilikuwa ikishuka chini ya wenzake, nami nilitaka kombe. Alitii. Alisimama safu ya nyuma akifungua na kufumba kinywa bila kutoa sauti, na kombe tukalileta.

Mwaka jana nilikutana naye sokoni Hola. Sasa ni mwalimu wa chekechea. "Mwalimu, mimi watoto huwawekea nyimbo za kwenye simu," aliniambia. "Mwenyewe sijui kuimba."

Sikuwa na la kumjibu. Neno hilo nililipanda mimi.

Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na ninalipenda kwa moyo wote. Limetulea wengi. Lakini katika shule nilizofundisha, tamasha ndilo lililogeuka kuwa somo lenyewe. Watoto arobaini wanachujwa, wanafunzwa nyimbo mbili mpaka waziimbe usingizini, na mamia waliobaki wanachungulia dirishani. Kipindi cha muziki kilikuwepo kwenye ratiba ukutani. Dakika zake 35 zilikwenda kwa hesabu, kwa kuwa kwa miaka yangu mingi muziki haukutahiniwa katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho 2023, na mtaala mpya umeipa sanaa mlango hadi sekondari ya juu. Mazoea ya kula kipindi bado yapo.

Ninachodai ni kipindi hicho, kwa kila mtoto, hasa yule tunayesema hana sauti. Nilichelewa kujua kwamba mtoto wa namna hiyo mara nyingi hajafunzwa kujisikia. Mwambie akinge sikio moja kwa kiganja aisikie sauti yake ikirudi. Mwache aige bodaboda inayopanda mlima, kutoka chini hadi juu, agundue kuwa koo lake linapanda na kushuka. Kisha usimvute kwenye noti yako. Mwache atoe yake, na darasa zima limfuate hapo alipo. Akishaonja sauti yake ikikaa sawa na ya wenzake, anaijua ladha hiyo, na ataitafuta mwenyewe. Anza na noti mbili tu, so na mi, zile ambazo watoto huitana kwazo kiwanjani bila kufundishwa. Solfa nyingine zitafuata kwa wiki, si kwa siku.

Walimu wakuu huniambia hawana fedha za piano. Nani amedai piano? Kayamba ni matete yaliyofumwa kwa uzi, na mbegu kavu ndani. Darasa langu moja lilitengeneza kumi na mbili kwa alasiri mbili, kisha nusu wakatikisa mapigo manne huku nusu wakigawa kila pigo mara mbili. Waliokuwa wakiogopa sehemu katika hesabu walizishika kwa mikono.

Kufunzwa kusikia hufaa hata nje ya darasa. Mimi ni Mpokomo. Wimbo wa taifa wa Kenya umetoka katika wimbo wa kwetu wa kubembelezea mtoto. Mwaka 1963 tume ya watu watano, wakiwamo George Senoga-Zake na Graham Hyslop, iliuchukua na kuupanga upya kwa ajili ya nchi mpya. Mama zetu ndio waliouhifadhi, kizazi hadi kizazi. Lakini walihitajika pia watu waliofunzwa kusikia na kuandika walichosikia. Leo nyimbo za bibi zetu ni nyingi kando ya Mto Tana, na wanaoweza kuziandika ni wachache mno. Hilo linaniuma kuliko kombe lolote nililokosa.

Jumanne iliyofuata baada ya kukutana sokoni, nilikwenda darasani kwa yule mwanafunzi wangu. Nilimwomba radhi kwanza, tukiwa wawili mlangoni. Ndani, nikamwambia atoe sauti yoyote iliyomjia. Ilitoka nzito, ya chini, na ikatikisika kidogo. Nikaifuata huko huko chini. Watoto wakaifuata, mmoja mmoja, hadi chumba kikajaa noti moja. Tuliikalia kwa muda mrefu. Kisha yeye mwenyewe, bila kuniangalia, akainua mkono na kuanza kupanda.