Presha Nayo Hufanyiwa Mazoezi

Aprili 2022 Simba ya Tanzania walitolewa na Orlando Pirates huko Afrika Kusini kwa mikwaju ya penalti, 4-3, katika robo fainali ya Kombe la Shirikisho. Aprili 2023 wakatolewa na Wydad mjini Casablanca, safari hiyo robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, 4-3 tena. Aprili 2024 ikawa zamu ya Yanga mbele ya Mamelodi Sundowns, Pretoria, 3-2, baada ya mechi mbili zilizomalizika bila bao. Agosti 2025 Harambee Stars ya Kenya wakaaga michuano ya CHAN wakiwa nyumbani Kasarani, Madagaska wakishinda kwa matuta 4-3. Mara zote nne ni robo fainali, na mara zote nne tofauti ni penalti moja.

Asubuhi yake huwa tunapeana pole kwa maneno yaleyale: penalti ni bahati nasibu. Siyapendi maneno hayo. Yanasikika kama huruma, lakini yanamnyima mchezaji kitu anachokihitaji kuliko pole, yaani maandalizi. Hakuna kocha anayefanyia mazoezi bahati nasibu.

Profesa Geir Jordet wa Norway ametumia miaka mingi kutazama video za penalti za mashindano makubwa, moja baada ya nyingine, akipima hata muda ambao mpigaji anakaa baada ya filimbi. Jambo moja aliloligundua linatosha kuvunja hoja ya bahati. Mkwaju ambao ukiingia tu timu imeshinda hufungwa karibu mara 9 kati ya 10. Mkwaju ambao ukikosa tu timu imetoka hufungwa karibu mara 6 kati ya 10. Mpira ni uleule, umbali ni mita 11 zilezile, goli ni lilelile la mita 7.32 kwa 2.44. Kilichobadilika ni anachokiwaza mtu anayekwenda kupiga.

Na hukiwaza kwa muda mrefu. Kutoka mstari wa kati hadi kwenye alama ya penalti ni kama mita 40, na mchezaji huzitembea peke yake. Wakati huo mwili unamwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, pumzi inapanda juu kifuani na kuwa fupi, vidole vinapoa kwa sababu damu imeelekezwa kwenye misuli mikubwa, mdomo unakauka. Vijana wengi wakihisi hayo huamini kwamba wameanza kuogopa, na aliyeamini anaogopa huanza kuogopa kweli. Laiti wangejua kwamba mwili hufanya hivyohivyo kabla ya mbio za mita 100, na kwamba bila hali hiyo hakuna mtu angekimbia vizuri. Mapigo ya moyo hayajawahi kumkosesha mtu penalti. Kinachomkosesha ni mahali ambapo mawazo yake yameelekea.

Yanaweza kupotea njia mbili. Ya kwanza inafahamika: mawazo yanakimbilia kesho. Nikikosa watasema nini, mkataba wangu utakuwaje, mama ananiangalia kwenye televisheni. Akili ina nafasi ndogo ya kushika mambo kwa wakati mmoja, na hofu ikishakaa humo, nafasi ya kuamua upande wa kupiga inakuwa finyu.

Njia ya pili ni ya hila zaidi, na huwapata hasa wale waliobobea. Mchezaji anaanza kuusimamia mwili wake. Anafikiria mguu wa kukanyagia uwekwe wapi, kifundo kikazwe kiasi gani, bega liinamie wapi. Mwambie mama anayesukuma chapati akueleze, huku akiendelea kusukuma, kila kidole chake kinafanya nini. Chapati hiyo haitatoka duara. Ujuzi uliozoeleka umehama kutoka kwenye fikra na kwenda kukaa mwilini, na ukiurudisha kwenye fikra ghafla unavurugika. Ndiyo maana mtu aliyepiga penalti mia mazoezini anaweza kupaisha mpira kama hajawahi kuugusa.

Mwaka 2001 wanasaikolojia Sian Beilock na Thomas Carr walilipima jambo hili Marekani kwa watu waliokuwa wakijifunza kusukumiza mpira wa gofu shimoni. Baadhi walijifunza kwa utulivu, wengine huku wakivurugwa kwa kazi ya pembeni, na kundi la tatu lilijifunza huku likirekodiwa na kamera, likiambiwa kwamba wataalamu wangetazama video hizo. Walipowekwa wote kwenye presha, kundi la kamera ndilo lililosimama imara. Walikwishazoea kutazamwa. Huko Uholanzi nako Raôul Oudejans na wenzake waliwafanyisha wachezaji wa mpira wa kikapu mazoezi ya mitupo huru katika hali ya wasiwasi kidogo, na wachezaji hao wakashikilia kiwango chao presha ilipokuja, tofauti na wenzao waliofanya mazoezi bila wasiwasi wowote.

Hapo ndipo ninapotaka makocha wetu wasimame kidogo. Timu nyingi hufanya mazoezi ya penalti siku moja kabla ya mechi. Wachezaji wanajipanga pembeni ya boksi, kila mmoja anapiga mikwaju mitano au sita mfululizo, wanacheka, wanataniana, wanaondoka. Mazoezi hayo yanaufundisha mguu. Kichwa hakijafundishwa chochote, kwa sababu mchezaji anajua kwamba akikosa mmoja kuna mwingine sekunde chache baadaye.

Kocha wa shule anayeandaa vijana kwa mashindano ya UMISSETA anaweza kubadilisha hali hiyo kesho jioni bila kununua chochote. Mazoezi yakiisha, watu wakiwa wamechoka na jasho linawatiririka, awagawe pande mbili na kuwapanga wote mstari wa kati. Aite jina moja. Huyo atembee peke yake hadi kwenye alama, auokote mpira, auweke mwenyewe, apige mkwaju mmoja tu, kisha arudi kimya. Waliobaki wapige kelele watakavyo, na kama kuna madarasa jirani, wanafunzi waje wakae nyuma ya goli. Upande utakaoshindwa ufue fulana za mazoezi za wiki nzima. Hasara iwe ndogo lakini iwe ya kweli. Mara ya kwanza vijana watakosa sana, na kocha asishtuke. Wanakosa pale ambapo kukosa hakuna gharama kubwa, na siku ya mechi mwendo ule wa mita 40 hautakuwa mgeni kwao.

Ndani ya mkwaju huo mmoja kila mchezaji ajijengee utaratibu wake asioubadilisha. Upande wa kupiga uamuliwe kabla hajaondoka mstari wa kati, na usiguswe tena. Baada ya kuweka mpira, hatua za kurudi nyuma ziwe zilezile kila siku. Avute pumzi, kisha aitoe polepole, kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, maana ni kutoa pumzi taratibu kunakopunguza kasi ya moyo. Macho yatulie kwenye mpira na pale anapotaka mpira uende. Mtafiti Joan Vickers wa Kanada ameonyesha katika michezo mingi kwamba mabingwa hutuliza macho kwenye shabaha kwa muda mrefu kidogo kuliko wengine kabla ya kutenda. Filimbi ikilia, asiikimbilie. Filimbi inaruhusu tu. Katika video za Jordet, wanaorukia mpira mara tu filimbi inapolia hukosa zaidi kuliko wanaotulia kwanza, na kukimbilia huko hutokana na hamu ya kutaka mateso yaishe haraka.

Waingereza walikuwa mabingwa wa kukimbilia. Walitolewa kwa penalti katika Kombe la Dunia 1990, 1998 na 2006, na katika michuano ya Mataifa ya Ulaya 1996, 2004 na 2012. Ile ya 1996 aliyekosa alikuwa Gareth Southgate. Alipokuwa kocha wa timu ya taifa aliamua kwamba jambo hili litaandaliwa kama kona na mipira ya adhabu vinavyoandaliwa: wapigaji wanajulikana mapema, mwendo kutoka kati unafanyiwa mazoezi, hakuna haraka. Julai 2018, huko Moscow, waliitoa Colombia 4-3, ushindi wao wa kwanza wa penalti katika Kombe la Dunia. Mwaka 2021 wakapoteza fainali ya Ulaya kwa Italia kwa njia hiyohiyo, na mwaka 2024 wakaishinda Uswisi wakifunga mikwaju yote mitano. Maandalizi hayampi mtu hati ya ushindi. Yanahamisha uwezekano, na pale tofauti inapokuwa tuta moja, kuhamisha uwezekano kidogo ni kitu kikubwa sana.

Ulimi wa kocha nao una kazi yake. “Usikose!” “Usipaishe!” Maneno haya hutoka kwa nia njema, lakini ili akili iepuke jambo ni lazima kwanza ilishike jambo hilo. Watafiti wa Uholanzi waliwaambia wapigaji wasipige karibu na kipa. Wengi wakajikuta wanamtazama kipa zaidi, na mpira ukaenda karibu naye zaidi. Mwambie kijana la kufanya: “Kona ya chini, kushoto kwako.” Na usimwambie atulie. Moyo unaodunda hautulii kwa amri. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Harvard aliwalinganisha watu waliojiambia “nimetulia” na waliojiambia “nina hamu” kabla ya kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu. Wa kundi la pili walifanya vizuri zaidi. Mwili ulikuwa umechemka tayari, na wao waliupa mchemko huo maana inayowafaa.

Wanariadha wetu wanalijua hili vizuri kuliko wanasoka. Eliud Kipchoge hutabasamu mbio zinapokuwa chungu, na amekuwa akieleza kwamba hufanya hivyo makusudi, ili mwili ulegee. Agosti 5, 2024, katika Olimpiki ya Paris, Faith Kipyegon alimaliza wa pili mita 5,000, akaondolewa kwenye matokeo kwa madai ya kumzuia Gudaf Tsegay wa Ethiopia, kisha usiku uleule rufaa ya Kenya ikakubaliwa na akarudishiwa fedha yake. Kesho yake alikuwa na mchujo wa mita 1,500. Mtu angeweza kuubeba mkasa ule wiki nzima. Agosti 10 alishinda fainali kwa dakika 3:51.29, rekodi ya Olimpiki na dhahabu yake ya tatu mfululizo katika mbio hizo.

Na yupo Alphonce Simbu, mkimbiaji wa marathoni wa Tanzania. Septemba 15, 2025, Tokyo, baada ya kilomita 42 kwenye joto na unyevu, aliingia kwenye mita za mwisho akiwa nyuma ya Mjerumani Amanal Petros. Wote waliandikiwa saa 2:09:48. Picha ya mstari wa kumalizia ikaonyesha Simbu ametangulia kwa sekunde 0.03, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Watu wengi huona miguu katika picha ile. Mimi naona mtu ambaye, pale ambapo wengi wangekwishaikubali fedha, bado alikuwa na kazi moja tu kichwani: hatua inayofuata. Na umakini huo hakuupata siku hiyo. Alikuwa na shaba ya London ya 2017, nafasi ya tano ya Rio 2016, na miaka ya kujifunza kukimbia katikati ya watu wanaotaka kile anachokitaka yeye.

Liko jambo la mwisho, nalo halimhusu mchezaji peke yake. Hapa kwetu mtu akikosa penalti hasemwi tu kwamba amekosa. Anaambiwa ameuza mechi. Anaitwa msaliti kwenye vijiwe na kwenye simu yake mwenyewe usiku kucha, na wakati mwingine viongozi ndio wanaoanzisha maneno hayo. Mchezaji anayetembea mita 40 akijua hilo hapigi penalti, anatetea jina lake. Wapo pia wanaoukabidhi moyo wa timu kwa “kamati ya ufundi”, yaani kwa ushirikina na maagizo yake ya milango ya kupita na milango ya kukwepa. Inaweza kuwapa wachezaji faraja ya muda, lakini inawafundisha kwamba matokeo yapo mikononi mwa wengine, na mtu aliyefundishwa hivyo hana cha kukishika mambo yakiharibika.

Wala tusichanganye uimara na kunyamaza. Mcheza jimnastiki Simone Biles wa Marekani alipojitoa kwenye fainali ya timu katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, kwa sababu akili na mwili vilikuwa vimeachana akiwa hewani, wapo waliomwita dhaifu. Katika mchezo wake, kupoteza mwelekeo hewani kunaweza kuvunja shingo. Mwaka 2024 alirudi Paris na kuchukua dhahabu tatu. Kijana wa timu ya mkoa anayemfuata kocha wake na kusema “mwalimu, leo sipigi” amesema ukweli ambao timu inauhitaji, na kocha amshukuru. Orodha ya wapigaji iandaliwe kwa kuwauliza mmoja mmoja faraghani, siku kadhaa kabla, wala isingoje watu wamelala kwenye nyasi baada ya filimbi ya mwisho huku kila mmoja akifunga kamba za viatu ili asitazamwe.

Na mpigaji akikosa, wenzake wasibaki mstari wa kati. Wawili wamfuate, wamkute njiani, warudi naye. Usiku huo simu yake ikae kwa mtu anayemwamini. Mazungumzo ya kiufundi yangoje siku mbili, na yawe juu ya utaratibu: aliamua mapema? alitoa pumzi? aliisubiri filimbi? Kama jibu ni ndiyo kwa yote, basi alipiga vizuri na kipa alidaka vizuri, na aambiwe hivyo mbele ya timu nzima. Penalti ya kwanza itakayopatikana katika mechi ya kirafiki inayofuata apige yeye.