Kachri bila ya karai

Dada yangu mkubwa amekatazwa mafuta na daktari, na tangu hapo hataki tena kupunga upepo Mama Ngina, maana kule kachri hazikwepeki. Utamu wa mbatata ni karai, husema.

Juzi binti yangu alilipinga neno hilo. Alimenya mbatata, akaikata vipande vyembamba kama karatasi, akaviosha mpaka maji yakatakata, akavikausha kwa kitambaa. Akavitia chumvi chembe mbili tatu, akavipanga kwenye sahani kimoja kisikilalie chenziwe, akavifungia ndani ya maikrowevu. Chombo hicho, ndugu msomaji, hakikaangi. Huyachemsha maji yaliyomo ndani ya mbatata yenyewe, yakatoka mvuke. Baada ya dakika 3 akavigeuza, kisha akawa achungulia kila nusu dakika, kwani baina ya kukauka na kuungua hapana masafa. (Sahani ya kwanza iliungua, na vidole vyangu pamoja nayo.)

Zilipopoa zilivunjika kwa mlio. Dada akakamulia ndimu, akanyunyiza pilipili, akala kimya.

"Kachri hasa si hizi," akasema, huku aivuta sahani upande wake nisiifikie.

Ijumaa alasiri akavaa buibui lake, akanambia twende Mama Ngina. Zake kazifunga kwenye karatasi.