Kujua Pembe ya Njia ya Kiti cha Magurudumu

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga, kuporomoka kwa duara huweza kumwacha mchimbaji akiwa amepooza miguu. Arudipo zahanati kusafishwa kidonda, huweza kuzuiwa na ngazi za mlangoni. Njia ya mteremko humfungulia mlango, ilimradi isiwe kali mno.

Ukali huo hujulikana kwa futikamba na kikokotoo. Tanjenti na saini hutoa uwiano wa urefu pale pembe inapojulikana. Kanuni zao za kinyume hutoa pembe pale uwiano unapojulikana. Mteremko unaopendekezwa na wengi ni kimo 1 kwa urefu mlalo 12. Sakafu iliyoinuka sentimita 60 huhitaji basi sentimita 720 za mlalo: kinyume cha tanjenti cha 60 ÷ 720 ni nyuzi 4.8. Kikokotoo kikionesha 0.083, kimewekwa katika radiani; kirejeshwe kwenye nyuzi.

Ikiwa urefu umepimwa juu ya zege lenye mteremko, kinachofaa ni kinyume cha saini. Kimo cha 60 kwa zege la 120 ni 0.5, yaani nyuzi 30. Atakayetumia tanjenti atapata 26.6, na kudhani njia ni nafuu kuliko ilivyo.

Kwa nyuzi 30, kiti huweza kupinduka hata kikisukumwa na ndugu. Mhudumu apime kabla zege halijamwagwa. Na mgonjwa asione haya kuuliza mteremko ni wa nyuzi ngapi.