Mguu Umenyoka, Mbona Viatu vya Chuma Bado?

Ndugu msomaji, na zaidi wewe mama mwenye mtoto mchanga, tunataka kusema nawe juu ya jambo linalohitaji saburi kuliko dawa. Ni matunzo ya mtoto aliyezaliwa na mguu wa kifundo. Wayo wake umegeukia ndani na kisigino kimepanda juu. Kama hatunzwi, siku atakaposimama atakanyaga kwa upande wa mguu, wala si kwa wayo.

Watoto wa namna hii si wachache. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja au wawili huzaliwa hivi. Wavulana ni wengi kuliko wasichana, karibu mara mbili. Karibu nusu yao wamepinda miguu yote miwili. Wako hapa Kongo, wako Ulaya, wako India na Marekani. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba ni laana ya ukoo wako, au kwamba ulikanyaga kitu kibaya ulipokuwa na mimba, au kwamba jirani amekuroga. Mguu ulianza kupinda tumboni, miezi kadhaa kabla ya kuzaliwa. Hukufanya neno lo lote la kuupinda. Lakini liko neno kubwa unaloweza kufanya ili unyoke, nalo ndilo somo letu.

MWILI HUFUATA POLEPOLE

Wazee wetu walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mguu wa mtoto mchanga ni mbichi. Mifupa yake haijakuwa migumu, na kano zake zinaweza kuvutika. Kwa sababu hiyo ni vizuri kumleta hospitali katika majuma ya kwanza baada ya kuzaliwa. Hata kama umechelewa, mlete. Usiseme, "Amekwisha kukua, basi tena."

Mganga anashika mguu kwa mikono yake, anaugeuza kidogo tu, bila kumwumiza mtoto. Kisha anaufunga kwa plasta, tangu vidole hata juu ya paja, goti likiwa limekunjwa. Baada ya juma moja plasta inaondolewa, mguu unageuzwa tena kidogo, na plasta mpya inafungwa. Kwa kawaida plasta 5 hata 7 zinatosha. Mwishoni, kwa watoto walio wengi, kano ya kisigino ingali fupi. Mganga anatia dawa ya kuzuia maumivu, anaikata kwa kisu kidogo sana, anafunga plasta ya mwisho, nayo inakaa majuma 3. Katika majuma hayo kano inaungana tena, nayo ni ndefu kuliko kwanza.

Labda katika mji umeona vijana waliofungwa nyuzi za chuma juu ya meno. Hiyo nayo ni kazi ya namna moja na hii. Meno yaliyokaa vibaya yanasukumwa kidogo kidogo, nao mfupa wa taya unakubali kuyapisha. Inachukua mwaka mmoja, au miwili, na pengine kupita. Na nyuzi zikiondolewa, kazi haijakwisha. Kijana hupewa kitu cha kuvaa mdomoni kila usiku, kwa sababu meno yanataka kurudi mahali pa zamani. Asiyekivaa huyaona meno yake yakipinda tena. Basi mguu wa mtoto una tabia hiyo hiyo.

MGANGA ALIYENGOJA MIAKA MINGI

Njia hii ya plasta ilifundishwa na mganga mmoja, jina lake Ignacio Ponseti. Alizaliwa mwaka wa 1914 katika kisiwa cha Menorca, nchi ya Hispania. Alipokuwa kijana aliwatunza watu walioumizwa katika vita vya nchi yake. Vita vilipokwisha alikimbia, na mwaka wa 1941 akafika Iowa katika Marekani. Huko aliwaona watu ambao miguu yao ilipasuliwa sana walipokuwa watoto. Miguu ilikuwa imenyoka, lakini ilikuwa migumu na yenye maumivu. Akajiuliza kama haingewezekana kuinyoosha bila kuipasua hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alianza njia yake ya mikono na plasta.

Mwaka wa 1963 aliandika habari za watoto aliowatunza, lakini waganga wengi hawakumsikiliza. Waliona kisu ni cha haraka zaidi. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1996, naye alikuwa amepita miaka 80. Baada ya hapo njia yake ilienea katika nchi nyingi, hata Afrika. Alikufa mwaka wa 2009. Kama yeye aliweza kungoja karibu miaka 50 ili watu wamsikie, sisi nasi tutaweza kungoja miaka 4 kwa ajili ya mtoto wetu mwenyewe.

SIKU YA HATARI

Sasa sikiliza sana, maana hapa ndipo wengi wanapoanguka. Siku ya hatari si siku ya plasta ya kwanza. Siku hiyo kila mtu anaona kwamba mguu umepinda, na mama anatembea hata siku mbili kuja hospitali. Siku ya hatari ni ile plasta ya mwisho inapoondolewa. Mguu umenyoka. Mama anafurahi, baba anafurahi, bibi anapiga vigelegele. Halafu tunawapa viatu viwili vilivyounganishwa kwa fimbo ya chuma, tunawaambia, "Avae hivi." Hapo wanashangaa. Wanauliza, "Mguu umekwisha kunyoka, mbona mnamfunga tena?"

Jibu ni hili. Nguvu iliyopinda mguu tumboni haikuondoka siku ya plasta ya mwisho. Ingali ndani ya mguu, nayo inauvuta katika miaka ya kwanza ya kukua. Plasta imeunyoosha mguu, viatu vinaulinda. Mguu unaorudi kupinda, mara nyingi sana sababu yake ni kwamba viatu viliachwa.

Fikiri juu ya watoto wawili waliofungwa plasta juma moja, na miguu yao ikanyoka sawasawa. Wa kwanza anavaa viatu kila usiku. Wa pili anavaa miezi miwili, halafu vinawekwa chini ya kitanda kwa sababu analia. Baada ya mwezi mmoja huoni tofauti. Baada ya mwaka mmoja utaiona, watakapokimbia pamoja uwanjani.

NAMNA YA KUVAA

Miezi 3 ya kwanza mtoto anavaa viatu saa 23 katika siku ya saa 24. Ile saa moja ni ya kumwogesha na kumwacha apige miguu. Baada ya miezi hiyo anavaa wakati wa kulala tu, usiku na mchana, jumla saa 12 hata 14. Anaendelea hivi mpaka atimize miaka 4 au 5. Mchana anatambaa na kutembea kama watoto wengine, bila fimbo.

Kila unapomvalisha, fanya hivi:

1. Mvike soksi za pamba, safi na kavu, zisizo na mikunjo.
2. Ingiza mguu, kunja goti, sukuma kisigino kishuke hata chini ya kiatu. Kaza kwanza mkanda wa katikati, maana huo ndio unaoshika kisigino.
3. Tazama kama kisigino kimekaa. Kama kinapanda, fungua, anza tena. Kiatu kilicholegea ndicho kinachotoa malengelenge, si kile kilichokazwa vizuri.
4. Shika fimbo kwa mkono wako, uisukume mbele na nyuma taratibu, kama mchezo. Mtoto atajifunza kupiga miguu yote miwili pamoja, naye hataiogopa fimbo.
5. Funga kitambaa laini juu ya fimbo, isimwumize mtoto wala wewe.

Siku za kwanza tazama ngozi mara nyingi. Wekundu kidogo si kitu. Lakini kama kuna lengelenge au kidonda, usipake mafuta na kunyamaza. Njoo hospitali upesi. Vidole vikianza kupita ukingo wa kiatu, mtoto amekua. Njoo tubadilishe viatu.

Na wakati wa plasta ujue jambo hili. Bonyeza kidole cha mguu kisha uache. Damu inapaswa kurudi upesi. Kama vidole ni baridi, vimevimba au vimebadilika rangi, au kama vimezama ndani ya plasta, usingoje siku ya kurudi. Njoo siku ile ile.

ANAPOLIA USIKU

Kila mama anatuambia, "Analia, nami namhurumia." Ni kweli, atalia siku 2 au 3 za kwanza. Mtazame kwanza. Kama ngozi ni nzima na kisigino kimekaa chini, halii kwa maumivu. Analia kwa sababu hajazoea. Mbebe, mwimbie, mnyonyeshe akiwa na viatu vyake. Usivivue kwa sababu ya kilio. Ukivivua mara moja kwa kilio, mtoto anajifunza upesi kwamba kilio ndicho ufunguo, na kesho atalia zaidi.

Yako mambo yanayosaidia moyo usichoke. Viatu viwe sehemu ya kulala, kama kuoga na kuomba. Mtoto asiulizwe, "Unataka viatu leo?" Anaoga, anakula, anavaa viatu, anaombewa, analala. Akiwa na miaka miwili au mitatu, umwache afunge mkanda mmoja mwenyewe, naye atajivunia. Usihesabu miaka minne yote kwa mara moja, maana ni mzigo mkubwa. Hesabu usiku wa leo. Ukipenda, piga alama ya makaa ukutani kila mwisho wa juma, uone namna ulivyosafiri mbali.

Na mama asiachwe peke yake. Baba, jifunze kufunga viatu hivi kwa mikono yako mwenyewe, maana iko siku mama atakuwa mgonjwa au safarini. Bibi na shangazi waelezwe sababu. Mara nyingi viatu havivuliwi na mama, ila na mtu mwingine mwenye huruma ambaye hakuelezwa. Ninyi wazee wa kanisa, mkijua jamaa yenye mtoto wa namna hii, msiseme, "Hawana imani, ndiyo sababu wanafunga chuma." Wapeni mahali pa kulala karibu na hospitali siku za plasta. Watafutieni nauli. Wakutanisheni na mama mwingine ambaye mtoto wake amekwisha kumaliza. Neno la mama huyo lina nguvu kuliko maneno yetu kumi.

Wengine wanasema, "Yule kiwete penye mlango wa hekalu aliponywa mara moja, kwa nini sisi miaka minne?" Mungu huponya mara moja apendapo, naye huponya pia kwa mikono ya mama inayofunga mkanda kila jioni. Kumbukeni habari za Mefiboshethi katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya nne. Alikuwa na miaka mitano, mlezi wake akakimbia naye kwa haraka, akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Hatumlaumu mlezi yule, maana alikuwa anakimbia hatari, na wengi wetu katika nchi hii tunajua kukimbia ni nini. Lakini tunawaambia hivi: kama ni lazima kukimbia, mchukue mtoto pamoja na viatu vyake. Mahali mtakapolala, hata kama ni chini ya turubai, mvike. Na mkifika penye hospitali, onyesheni mguu.

KAMA MGUU UMEANZA KURUDI

Mtazame mtoto anapotembea. Je, kisigino kinagusa chini? Je, wayo unaanza kutazama ndani? Je, viatu vilivyomfaa jana vinamtoka leo? Hizo ni dalili za kwanza. Usifiche, wala usiogope kwamba tutakukemea. Hata kama uliviacha viatu miezi sita, njoo. Mara nyingi plasta chache tena zinaurudisha mguu, na viatu vinaanza upya. Mama anayerudi baada ya kuacha anafanya vizuri kuliko yule anayekaa nyumbani kwa haya, na mtoto akaendelea kupinda.

Basi, mama, leo jioni tafuta viatu vile. Kama viko chini ya kitanda, vitoe, vipanguse vumbi, utazame kama vidole vingali vinaenea ndani. Kama vinaenea, mvike kabla ya kulala. Kama havienei, au kama mguu haukubali kukaa, usimlazimishe; mlete kwetu kesho.