Bahari Ndani ya Nyumba

Sisi tukaao bara twawajua samaki wa Ziwa Tanganyika kama chakula chetu. Lakini je, wajua kwamba samaki wadogo wakaao penye mawe ya ziwa hilo hufugwa pia katika nyumba za Ulaya na Marekani, ndani ya mahodhi ya kioo? Hiyo ni kazi ya maji matamu. Iko nyingine iliyo ngumu zaidi, nayo ni kufuga nyumbani kipande cha mwamba wa bahari pamoja na matumbawe yake, tena kwa muda wa miaka kumi, ishirini, na kuzidi. Twapenda kuieleza leo, maana ina mafundisho kwa kila jamaa.

Tumbawe ni nini? Ukilishika likiwa limekauka, wadhani ni jiwe. Kumbe ni nyumba ya chokaa iliyojengwa na wanyama wadogo, kila mmoja na kinywa chake. Ndani ya miili yao hukaa mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo hupokea nuru ya jua, hutengeneza chakula, na kumgawia mwenyeji wake. Mwenyeji naye huupa makao. Kwa hiyo mtu atakaye kufuga matumbawe hana budi kuyapa mwanga mwingi, maji yenye chumvi gramu 35 hivi kwa lita, na joto la digrii 25 hivi, lisilopanda wala kushuka ghafula.

Zamani wengi walishindwa. Mwaka 1961, Lee Chin Eng, mtu wa Jakarta katika Indonesia, alieleza njia yake katika gazeti la Marekani la wafugaji wa samaki. Hakutegemea mashine nyingi. Alitia hodhini mawe yaliyotolewa baharini pamoja na viumbe vilivyokaa juu yake, akaongeza mapovu ya hewa na mwanga wa jua. Nguvu ya njia hiyo ni nini? Uchafu wa samaki na mabaki ya chakula huleta amonia, nayo ni sumu. Bakteria wakaao katika mawe huigeuza kuwa nitriti, ambayo ni sumu bado, kisha kuwa nitrati, ambayo ukali wake ni mdogo. Jeshi hilo dogo halikui kwa siku moja. Hodhi jipya lataka majuma kadhaa kabla ya kupokea samaki wa kwanza. Mwenye haraka hutia samaki kumi leo, na baada ya siku chache huwatoa wamekufa.

Baadaye yaanza kazi isiyo na sifa. Maji hupungua kwa mvuke lakini chumvi hubaki. Basi kila siku huongezwa maji yasiyo na chumvi. Kila juma moja au mawili, sehemu kama moja ya kumi ya maji hubadilishwa. Vioo husuguliwa, pampu hutazamwa, na madini ya chokaa ambayo matumbawe yameyatumia hurudishwa. Umeme ukikatika usiku kucha na maji yakasimama, hewa yaweza kuwaishia samaki, na kazi ya miaka kumi ikapotea kabla ya mapambazuko. Lakini mfugaji akiwa mwaminifu, yule samaki mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe aweza kuishi zaidi ya miaka 20. Mtoto aliyemwona akiletwa nyumbani huweza kuoa akali hai.

Katika mji wa Berlin, Ujerumani, katika miaka ya 1980, Dietrich Stüber alifaulu kukuza hodhini tumbawe la matawi, jambo ambalo wengi walikuwa bado kuliweza. Hakulificha. Alikata vipande akawagawia wenzake. Vilipokua, nao wakakata na kuwapa wengine, hata uzao wa tumbawe lile ukafika nchi nyingi. Hodhi la mmoja likiharibika, mwenziwe ana tawi la kumrudishia. Hivyo aliyetoa ndiye aliyejiwekea akiba.

Si haki kuficha mabaya. Katika Ufilipino na Indonesia, wavuvi wengine walitumia sumu ya sayanidi ili kuwalewesha samaki wa kuuzwa, na sumu hiyo iliua matumbawe pia. Afadhali mfugaji anunue samaki waliozaliwa hodhini na matumbawe yaliyokatwa kwa mfugaji mwenziwe.

Tena bahari yenyewe ni mgonjwa. Maji yakizidi joto, matumbawe huutoa mwani wake, hugeuka meupe, na joto likidumu hufa kwa njaa. Mwaka 1998 jambo hilo liliua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi, hata pwani za Kenya na Tanzania. Mwezi wa Julai 2023, bahari ya Florida ilipopata joto kali, wataalamu walitoa majini matumbawe waliyokuwa wameyapanda, wakayahifadhi katika mahodhi ya nchi kavu. Wangaliyahifadhije, kama kabla yao wengine hawakukaa miaka mingi wakipima chumvi na kusugua vioo?

Wazazi na wanafunzi, hodhi la namna hiyo ni ghali, na wengi wetu hatutakuwa nalo. Lakini Mwumba ametukabidhi vyetu: kuku wa nyumbani, mbuzi wa jamaa, bustani ya shule. Siku ya kuletewa mnyama mpya, kila mtoto hukimbia kumpa maji. Mzazi asimsifu bado. Na amtazame mwaka wa tatu, asubuhi ya mvua, wakati hakuna anayemwita.